Mti Uliokauka Ukiwa Mbichi

Mbuzi hupotea. Jembe hupotea, hasa likiazimwa na jirani. Hata mume hupotea, na pale Mikinduri wapo waliopotea miaka na mikaka wakaja kuonekana Isiolo, wazima wa afya, na vitambi juu. Lakini mti? Mti wenye mizizi, uliosimama mahali pamoja tangu babu wa babu yako akiwa bado hajatahiriwa? Ntinyari alipoambiwa kwamba urithi wake umepotea, na urithi wenyewe ni mti, alicheka kwanza. Hasira zilikuja baadaye, na zilipokuja hazikuaga.

Mti wenyewe ulikuwa wa miraa, na uliitwa Nkatha. Kwa Kimeru nkatha ni mwanamke mwenye hadhi, malkia wa nyumba, na marehemu M'Arimi aliupa jina hilo kwa sababu, alisema, ulikuwa na maringo: ukichunwa vibaya unanuna msimu mzima. Ulikuwa mbaine, yaani miraa ya kale kabisa, ile ambayo hairuhusiwi kukatwa bila idhini ya wazee. Vichipukizi vyake vilikuwa vyekundu na laini, na M'Arimi hakuviuza kwa mtu yeyote tu. Kuna watu walimwomba kibunda kimoja wakazeeka wakiomba.

M'Arimi aliacha watoto watatu. Wa kwanza ni Murungi, aliyebaki shambani na mkewe Gladys, akikwea miti na kuichuna pamoja na baba yake. Wa pili ni Mugambi, karani wa ofisi huko Embu, mtu mpole ambaye siku zote alikubaliana na aliyezungumza mwisho. Wa tatu ni huyu Ntinyari, fundi cherehani pale sokoni Mikinduri, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Baba alipoanza kuugua, Murungi alikuwa na shughuli, Mugambi alikuwa na simu, na Ntinyari alikuwa na beseni la maji ya vuguvugu. Ndiye aliyemwosha mzee, akamnywesha uji, akamgeuza kitandani, akatukanwa na kusamehe.

Kabla hajakata kauli, M'Arimi alimwita Hezekiah, mzee wa ukoo, akasema mbele ya wanawe wote: "Shamba wagawane wavulana nusu kwa nusu. Lakini Nkatha ni ya Ntinyari. Mikono iliyoniosha isitoke hapa mitupu." Akafumba macho, na siku chache baadaye hakuyafumbua tena.

Basi siku ya kugawana ikafika. Hezekiah alikuja na kofia yake ya sufi na maombi yake, maana alikuwa pia mzee wa kanisa na hakufungua hata lango bila kulibariki kwanza. Wakaingia shambani, Murungi mbele, Mugambi nyuma yake, na Ntinyari mwisho, akitembea kwa hadhari kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Tangu utotoni alikuwa akifukuzwa pale kwa kiboko. Shamba la miraa ni la wanaume, na kwa mila mwanamke hapandi juu ya mbaine, wala hazururi chini yake. Ada zake za shule zilitoka kwenye ule mti, sare yake ilitoka kwenye ule mti, lakini hakuwahi kuonyeshwa ni upi. Mbele yake ilisimama mibaine kama saba hivi, yote imekunjamana, yote ina ndevu za kuvu, na hakuna aliyejua upi ni upi ila waliokuwa wakiipanda, na hao walikuwa wawili, na mmoja amekufa.

Murungi alisimama kando ya kisiki. Kisiki kilikuwa cheusi tititi, kimechomwa juu na pembeni.

"Nkatha hii hapa," akasema, na kuvua kofia. "Ilikauka, dada. Baba alipoanza kuugua, nayo ikaanza kukauka. Nafikiri ilikuwa inamlilia."

Hezekiah naye akavua kofia, akakiombea kisiki. Mugambi akasema amina. Ntinyari alimtazama kaka yake, akaona kwamba anapangusa jicho moja tu, tena lile lililokuwa upande wa mzee.

"Ilikauka lini?" akauliza.

"Si nimesema."

"Na kwa nini imechomwa?"

"Mchwa," akasema Murungi. "Ungewaona wale mchwa, ungelia."

Ntinyari aligeuka akaitazama mibaine iliyobaki, yote mibichi, yote imetoa vichipukizi. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba mmoja wao ni wake. Lakini kujua si kuonyesha. Hezekiah aliuliza nani mwingine aliyeifahamu Nkatha kwa sura, na hakupatikana. Mzee akakuna kidevu.

"Neno la marehemu ni neno," akasema. "Lakini siwezi kugawa mti ambao haupo. Sikizeni. Jumamosi ya wiki ijayo tunapeleka ncoolo ya kumchumbia mke Antony, mwana wa Murungi. Tusiende kwa wakwe tukiwa na ugomvi mdomoni. Tukirudi, kama Nkatha haijaonekana, tutaweka sahihi kwa naibu wa chifu na maneno yaishe kabisa. Ntinyari, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Tuyaache yaishe," akasema Mugambi, kwa kuwa Hezekiah ndiye aliyezungumza mwisho.

Ntinyari alirudi Mikinduri akakaa kwenye cherehani bila kushona. Alikuwa na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa miraa tu, ingawa mti ule ungemtoa kwenye kupunguza suruali za watu hadi uzeeni. Baba yake alikuwa ametamka jina lake mbele ya ukoo. Katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kuhesabiwa kuwa mtoto wa ile boma na si mgeni aliyerudi na mkoba, na sasa kaka yake alikuwa amelichoma lile neno pamoja na kisiki cha mti asioujua. Akisaini, limekwisha. Atakuwa fundi wa Mikinduri aliyewahi kuwa na baba.

Lakini alimjua Murungi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila Murungi alikuwa amerefusha yake miaka mingi kwa sababu hakuwa mtu wa kutishika. Ukimwita mwongo, atacheka. Ukimwita mwizi, atakuuliza una shahidi. Kitu kimoja tu hakuweza kukimeza: kudharauliwa mbele za watu. Mwambie Murungi kwamba ng'ombe wake amekonda, na usiku huo hutalala, atakuja kukuonyesha yule ng'ombe kwa tochi.

Na ncoolo, jamani, ni mahali pa kudharauliwa kuliko pote. Ni kibunda cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kinachopelekwa kwa wazazi wa msichana kumwomba. Wakikipokea, mlango umefunguka. Mume mtarajiwa anaweza kuwa na gari, digrii na meno meupe, lakini ncoolo ikiwa mbaya, wazee watamtazama kama mtu aliyekuja kuchumbia na mkia wa mbuzi. Ntinyari aliwaza: Murungi hawezi kuwapelekea wakwe miraa ya kubahatisha. Atapanda Nkatha, atake asitake, kiburi kitampandisha.

Siku ya Jumatano, Naftaly akaja kuchukua koti lake. Huyu Naftaly ndiye baba yake Kaari, msichana aliyekuwa anaombwa. Alikuwa mfanyabiashara wa miraa enzi za ujana wake, kisha akaokoka, ingawa watu walisema meno yake bado yalikuwa yanasubiri ubatizo.

"Muga, Ntinyari," akasalimu.

"Muga, mzee. Koti liko tayari, bado kifungo kimoja. Kaa."

Naftaly akakaa. "Jumamosi mnakuja?"

"Tunakuja. Lakini mzee, usitarajie makuu. Mti wetu mzuri ulikauka."

"Mti gani?"

"Nkatha."

Naftaly aliinuka kidogo kwenye benchi kama aliyechomwa na sindano. "Nkatha imekauka? Wewe! Mimi niliionja mara moja tu nikiwa kijana, baba yako akaninyang'anya kibunda baada ya vijiti vitatu. Nimekuwa nikiiwaza tangu hapo. Hata kanisani."

"Ndivyo anavyosema Murungi," akasema Ntinyari, akiuma uzi kwa meno. Halafu akamweleza yote, kisiki, mchwa na jicho moja la machozi. Naftaly alisikiliza bila kupepesa.

"Basi rahisi," akasema. "Akileta Nkatha, nitaijua. Nitasema hii ni Nkatha."

"Naye atasema umezeeka, ulimi wako umechanganya mambo. Mzee Hezekiah atakuna kidevu. Mimi sitaki useme wewe. Nataka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, Hezekiah akiwa amekaa hapo."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukiionja, kunja uso."

Naftaly akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe hiyo tu? Mkwe anayepokea ncoolo akitabasamu si mkwe. Hiyo ni kazi yangu hata bila kutumwa." Akashika goti. "Halafu ni binti yangu anayeingia kwenye hiyo boma. Kama ni watu wa kula vya dada zao, afadhali nijue mapema. Lakini Ntinyari, nakuambia ukweli. Kama ni Nkatha yenyewe, sijui kama uso utanitii."

"Nitakuwa karibu. Nitakohoa."

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Nyumbani kwa Naftaly walikodi hema na viti, wakapanga soda, na akina mama wa kanisa walifunga leso zinazofanana. Antony alivaa suti, akabeba kibunda cha ncoolo kwa mikono miwili kama mtoto aliyezaliwa jana, jasho likimtiririka. Murungi alitembea kando yake kifua mbele. Hezekiah aliomba langoni, akaomba tena mezani, kisha akaeleza kwa maneno mengi ya kuzunguka kwamba wameona ua zuri katika boma hii na wamekuja kuliulizia.

Kibunda kikawekwa mbele ya Naftaly. Alikifungua polepole, jani kwa jani, wazee wa kwake wakiwa wameinama kutazama. Akachukua kijiti kimoja, akakimenya, akatia gome mdomoni.

Ntinyari alikuwa amesimama kwenye nguzo ya hema na birika la chai. Aliona taya la mzee likitembea mara moja, mara mbili. Halafu aliona jambo la hatari: makunyanzi ya paji la Naftaly yalianza kulainika. Macho yakafumba. Pembe za mdomo zikaanza kupanda juu, bila haya, kama jua la Nyambene.

Ntinyari akakohoa. Mwanamke mmoja akampa maji. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Naftaly alishtuka, akaukusanya uso wake haraka kama mtu anayeanua nguo mvua ikinyesha.

"Wazee," akasema kwa sauti ya huzuni, "hii mmeitoa wapi? Kando ya barabara?"

Watu wa kwake wakacheka. Murungi akatabasamu. "Mzee anatania."

"Sitanii. Hii ni ya miti ya juzi. Imejaa maji. Hii wanapewa madereva wa lori wasilale." Akachukua kijiti kingine, akakitafuna kwa masikitiko. Akachukua cha tatu, ili awe na hakika, alisema, ya ubovu wake.

"Mzee Naftaly, tuvumiliane," akasema Hezekiah. "Vijana wamejitahidi."

"Naona wamejitahidi. Mimi simlaumu kijana." Naftaly akatingisha kichwa, akachukua cha nne. "Nasikitika tu. Marehemu M'Arimi alikuwa mwanamume mwenye mti. Mti! Wanawe wamebaki na fito."

Kicheko kilichopasuka upande wa wakwe kilikuwa cha watu wazima, kile kinachoanzia tumboni. Hata akina mama wa kanisa waliinamisha leso. Gladys alimshika mumewe koti kwa nyuma, kwa kuwa mke mwerevu hujua dakika, lakini alikuwa amechelewa. Murungi alikuwa ameshasimama.

"Fito?" akasema. "Fito, mzee? Unajua unatafuna nini? Hiyo ni Nkatha! Nkatha ya baba yangu! Nimeipanda mwenyewe alfajiri ya leo, mpaka kileleni, na miguu yangu hii! Tigania nzima hakuna mbaine kama hiyo, na haijawahi kuwa mbichi kama mwaka huu!"

Kuku mmoja alipita chini ya meza, na kila mtu alimsikia.

Hezekiah aliweka kikombe chini. "Rudia, Baba Antony," akasema taratibu. "Sikio langu la kushoto si zuri."

Ndipo uso wa Murungi ulipoelewa kile ambacho mdomo wake ulikuwa umekwisha kufanya.

"Lakini si ulituambia imekauka?" akauliza Mugambi, bila ubaya wowote, kwa kutaka tu kujua.

"Ilikauka," akasema Murungi. "Upande mmoja."

Sasa hata Hezekiah alicheka, na Hezekiah hakuwa ameonekana akicheka hadharani tangu askofu alipoanguka na kiti. Murungi akakaa. Naftaly hakucheka. Alifuta mdomo, akayakunja yale majani ya mgomba juu ya kibunda, akakisukuma mbali naye, na ilionekana wazi kwamba hilo lilimuuma.

"Basi tuna shida," akasema. "Kwetu, ncoolo hutolewa na mwenye mti. Ncoolo ya kuiba haifungui mlango, hufungua makaburi. Nyinyi ni watu wa Mungu, mnisamehe, lakini binti yangu simtoi kwa kitu cha wizi. Mwenye huu mti ni nani?"

Hezekiah akasimama, akayarudia maneno ya M'Arimi mbele ya koo mbili, neno kwa neno, mpaka lile la mikono. Kisha akanyoosha kidole kwenye nguzo ya hema.

Wote wakageuka. Ntinyari alikuwa amepanga hila yake mpaka hapo tu. Hakuwa amefikiria macho yote haya, wala hakuwa amefikiria kwamba mlango wa Antony ungebaki mkononi mwake. Alimtazama yule kijana, ambaye alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na sasa alikuwa amesimama na suti yake, midomo mikavu. Nyuma ya pazia la nyumba aliliona jicho moja la Kaari. Angeweza kukataa. Murungi alijua kwamba angeweza, kwa hiyo alitazama viatu vyake. Na kusema kweli, kwa muda wa pumzi moja Ntinyari alitaka kukataa, kwa ajili ya kile kisiki na yale maombi.

Aliweka birika chini. Akajifuta mikono kwenye leso, akatembea mpaka mezani, akakichukua kibunda. Hakuwa amewahi kushika kibunda cha Nkatha maishani mwake. Kilikuwa chepesi, bado kina umande ndani, na kilinukia kama koti la baba yake.

"Mimi ni Ntinyari, binti M'Arimi," akasema. "Nimeleta ncoolo hii kutoka kwenye mti wangu, kumwombea mwanangu Antony mke."

Vigelegele vikapanda kutoka upande wa akina mama, Gladys mwenyewe akiwa miongoni mwao, maana naye alikuwa amechoka kuishi na kile kisiki. Naftaly alikipokea kibunda kwa mikono miwili, akakifungua, akatia kijiti mdomoni na kuuachia uso wake huru.

"Sasa," akasema, "hii ndiyo miraa."

Jumatatu yake Hezekiah aliwarudisha shambani. Murungi alitangulia, akakipita kile kisiki kama hawajuani nacho, akasimama chini ya mbaine wa tatu kutoka kwenye ua. Ntinyari aliukaribia. Aliweka kiganja juu ya gome lake lililokwaruza, akakiacha pale kwa muda mrefu, na ndugu zake wakaangalia pembeni.

"Haya, ni wako," akasema Murungi mwishowe. Alikuwa ameanza kupata nguvu tena, na kitabasamu kidogo kilimtembelea mdomoni. "Lakini mwanamke hapandi mbaine. Hilo hata baba hakulibadilisha. Sasa utachuna na nini, na cherehani? Mwisho utakuja kwangu tu."

"Ni kweli," akasema Ntinyari.

"Si ndiyo nasema."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Akavua leso begani, akaitandaza chini ya mti, akailainisha vizuri pembe zote. "Panda."

"Sasa hivi?"

"Wanunuzi wako barabarani. Panda, Baba Antony. Mimi nitapokea huku chini."

Murungi alimtazama Hezekiah. Hezekiah alikuwa amekwisha kuvua kofia, akaanza kumwombea apande salama na kushuka salama. Akamtazama Mugambi.

"Panda, kaka," akasema Mugambi.

Murungi akavua viatu. Akatemea viganja mate, akashika tawi la kwanza, akajivuta juu akiguna, visigino vyake vikining'inia mbele ya uso wa dada yake.

"Anzia juu kabisa," akasema Ntinyari. "Ile nyekundu iko juu."